Ukuta wa Mama Debra Haukauki

Watu wa Muthangari waliomjua Musembi walisema fundi huyo huongea na matofali zaidi ya anavyoongea na wenye nyumba. Hawakukosea sana. Mbele ya mwenye nyumba alikuna shingo, akatazama viatu vyake na kusema "sawa, mama" hata kwa mambo yasiyokuwa sawa. Lakini mwache peke yake na ukuta: ataugonga kwa kifundo cha kidole, atautegea sikio, ataunusa, kisha atauuliza, "Wewe unaumwa wapi?"

Januari mwaka wa 2005 aliitwa na Wangui, ambaye kila mtu alimwita Mama Debra, kwenye nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umevimba kutoka sakafuni hadi kiunoni. Rangi ilitoka malengelenge, na plasta ukiigusa ilidondoka kama mkate mkavu.

"Fundi Joash amepiga plasta hapa mara mbili," alisema Mama Debra. "Simiti ya nguvu. Na bado! Sasa sikiza, fundi. Jumamosi ya mwisho ya Februari wazee wa upande wa kijana wanaleta mahari ya Debra. Ruracio, si mchezo. Nataka hii ukuta ikuwe kama yai."

"Sawa, mama," Musembi aliviambia viatu vyake.

Alibomoa plasta yote ya chini na kukuta matofali yamelowa chepechepe. Nje aliiona sababu. Watu walikuwa wameinua udongo wa maua mwaka baada ya mwaka, mpaka ukaipita ile karatasi nyeusi ya lami ambayo wajenzi wa kwanza waliilaza ukutani ili maji ya ardhini yasipande. Maji yalikuwa yametengenezewa ngazi. Akaondoa udongo toroli kumi na moja, akayahamisha maua kwa heshima. Ndani akakwangua viungo vilivyooza, akang'oa matofali manne yaliyogeuka unga na kuweka mengine kwa chokaa na mchanga. Simiti hakuigusa. Ukuta mnene wa zamani unataka kupumua, na simiti huuziba pua.

Kisha akafungua madirisha, akangoja.

Ukuta ukikauka hutoa chumvi nyeupe, nayo hufagiwa kwa brashi kavu tu. Musembi aliifagia kila asubuhi. Alibandika pia kipande cha nailoni juu ya matofali: ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado una maji. Kila asubuhi alikuta matone. Wiki ya kwanza, matone. Wiki ya tatu, matone. Akachimba bustani akitafuta bomba lililopasuka. Akapanda kwenye paa, akashuka, akachimba tena.

"Fundi," Mama Debra alimwita kutoka dirishani, "unanitengenezea nyumba ama unatafuta dhahabu?"

"Natafuta maji, mama."

"Maji iko kwa mfereji, jikoni! Nakupa mpaka kesho kutwa. Kama haijakauka, namwita Joash. Yeye anamaliza kwa siku moja."

Maneno hayo yalimchoma Musembi. Simiti ya tatu ingeuozesha ukuta ule hadi moyoni, na watu wangesema ni kazi ya Musembi.

Jioni hiyo alifika getini akakumbuka ameusahau mwiko wake. Akarudi. Sebuleni alimkuta Munyiva, mfanyakazi wa nyumba, amepiga magoti kando ya ndoo, anaimba wimbo wa kanisani na kuyasugua matofali kwa maji ya sabuni.

"Munyiva! Unafanya nini?"

"Naosha uchafu yako. Kila siku ukuta inatoa hii unga nyeupe. Wageni wakuje wapate nyumba ina ukungu? Mimi nililelewa."

"Unaosha kila siku?"

"Jumapili napumzika."

"Na ile nailoni?"

"Naitoa pole pole, naosha chini yake, naibandika vile ilikuwa. Siwezi haribu kazi ya mtu."

Musembi aliikalia ndoo yake mwenyewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Nimechimba shamba mzima nikitafuta bomba," alisema, "kumbe bomba inaimba kwaya!"

Munyiva alipoelewa, alishika mdomo. "Wuui! Usiniseme kwa mama. Atanifukuza."

Usiku ule Musembi hakulala vizuri. Ukuta ulihitaji mwezi mwingine. Ruracio ilibakisha siku tisa. Asubuhi alisimama mbele ya Mama Debra, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Mama, ukuta haujakauka. Kosa ni langu. Sikuwaambia watu wa nyumba usiguswe na maji. Nilikuwa naona haya kusema. Joash akipiga leo, utang'aa siku ya wageni, na Pasaka utatoa malengelenge tena."

"Kwa hivyo wakwe wangu waangalie matofali uchi?"

"Matofali hayajaiba, mama."

Mama Debra alimkodolea macho. Hakujua mtu huyu ana maneno mengi hivyo. "Basi Jumamosi ya ruracio utakuwa hapa," alisema. "Tukiaibika, tunaaibika sisi wawili."

Siku ikafika. Musembi alijibanza jikoni nyuma ya chupa za chai. Mzee Zachariah, msemaji wa upande wa kijana, hakuwa hata ameketi.

"Watu wa hapa," alisema, "mmeivua nyumba nguo ili tuwaonee huruma, bei ipande?"

Wageni walicheka. Mama Debra aliinamisha kichwa. Lakini Wachira, mjomba wa Debra na msemaji wa wenyeji, hakuwa mtu wa kukosa jibu.

"Ukuta huo ni kama msichana wetu," alisema. "Hatuwezi kuuvisha wakati wakwe wapo. Kuuvisha ni kazi yenu. Andikeni chokaa kwenye orodha ya mahari, chini ya mbuzi."

"Mifuko mingapi?"

Hakuna aliyejua. Fundi akaitwa. Musembi alisukumwa mlangoni na Munyiva, akasimama mbele ya wazee ishirini.

"Kumi na mbili," alisema.

"Sita," Mzee Zachariah alisema papo hapo, kwa mazoea.

"Kumi na mbili, mzee."

"Nane, na tunashikana mikono!"

"Mzee, mbuzi mnaweza kupatana," Musembi alisema. "Ukuta hausikii lugha hiyo."

Sebule nzima ilipasuka kwa kicheko. "Wachira!" Mzee Zachariah alipaza sauti. "Mlimficha huyu jikoni mkaniletea wewe?"

Chokaa ililetwa, mifuko yote kumi na mbili, na mwishoni mwa Machi ukuta ulipigwa plasta. Tangu hapo, Mzee Zachariah akija kuwatembelea wakwe, husalimia watu haraka haraka, kisha huinama na kupapasa ukuta kuanzia chini hadi kiunoni.

"Hii sehemu," huwaambia, "ni yetu."