Tawi la Bamama

Ukingo ule haukuanguka wenyewe. Naanza na hilo kwa sababu mahali pengi wameandika kwamba udongo ulianguka, kama vile udongo uliamka asubuhi, ukanawa uso, ukaamua. Bosi aliyekuwa ananunua mawe yetu ndiye aliyeamuru wachimbaji wachimbe chini ya ukingo wakati wa mvua, kwa sababu mawe mazito ya kijani yalikuwa pale. Mlinzi wa lango alijua, akapewa kitu chake, akawaacha wapite. Na karani wa mizani, aliyekuwa anapita kati yetu kila siku, aliuona ufa kule juu akatuambia tuendelee kuosha. Sisi wanawake tulikuwa chini, kwenye maji. Mdogo wangu alikuwa upande wangu wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto haufungiki mpaka leo. Yeye hakutoka.

Majina yao wote watatu nimeyaandika mahali pake, na nitasema ni wapi. Hapa nawataja kwa kazi zao tu. Likasi si mji mkubwa hivyo, anayetaka kujua atajua. Bosi bado ana depo yake ya kununulia madini. Gereza la Buluo analiona kwa dirisha la gari akipita, gereza lenyewe halijamwona yeye. Mlinzi alihama mji. Karani wa mizani akawa sekretere wa komite yetu, komite ya walionusurika na familia za waliokufa. Msiniulize ilikuwaje. Alijua kuandika Kifaransa, na sisi tulimhitaji mtu wa kuandika Kifaransa.

Komite ilipewa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa parokia, na mashine moja ya kompyuta, ile ya kufunga kama kitabu, iliyokwisha kutumika na watu wengine kabla yetu. Kazi ilikuwa kuandika kumbukumbu ya siku ile. Siku ya misa ya wafu wetu familia zingesoma lile andiko likiangazwa na projekta kwenye shuka ukutani, na kama zingelikubali, ndilo lingewekwa kwenye intaneti, dunia ione. Lakini kila aliyekaa mbele ya mashine alifuta maneno ya mwenzake. Familia za wachimbaji zikagombana na sisi tuliokuwa tunaosha, na wote wakagombana na sekretere.

Aliyetuokoa na fujo ile ni mwanamke wa miaka kama thelathini, tulimwita mwalimu. Alisoma Mulungwishi, kisha Lubumbashi, na anafanya kazi ya kompyuta mjini. Mume wake alikuwa mchimbaji, alikufa kwenye ukingo uleule mdogo wangu aliofia chini yake. Alileta programu ambayo mafundi wanaitumia kazini kwao. Andiko ni moja, akasema, lakini lina matawi. Ukiwa kwenye tawi lako unaandika, unafuta, unapindua, na tawi lingine halisikii kitu. Ukitaka kwenda kule unaandika amri fupi, unabadilisha tawi. Akatengeneza mawili: tawi la komite, ambalo lilikuwa mkononi mwa sekretere, na tawi la bamama, akina mama wa mtoni, ambalo lilikuwa letu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Siku aliyonionyesha kubadilisha, ukurasa wangu ulikuwa mbele yangu, nilikuwa nimeandika jinsi tulivyoteremka asubuhi. Akaandika amri yake, na maneno yangu yakaondoka. Pale pale yakakaa mengine, ya Kifaransa kizuri, kwamba udongo ulianguka.

Nilimshika mkono. "Maneno yangu inaenda wapi?"

"Haiyaenda fasi, mama. Iko ku tawi yako. Sasa tuko ku tawi ya komite."

"Rudisha."

Akarudisha. Yakarudi yote, hata kosa langu la herufi. Nikamwambia aende tena, arudi tena. Mara ya tatu akacheka. "Mama, utailewesha mashine."

"Wacha ilewe. Minye nataka kujua kama inarudi kweli."

Ilikuwa inarudi. Na pembeni palikuwa na majina ya matawi, nyota ndogo ikikaa mbele ya lile ulilomo. Ukitaka kujua uko wapi unatafuta nyota. Hilo nililipenda. Watu wengi niliowajua maishani sikuweza kujua wako upande gani.

Sasa lazima nieleze jambo la mtoni. Pale tulipokuwa tunaosha mawe, mwanamke akitaka kwenda kunyonyesha mtoto au kujisaidia, alipindua beseni lake juu ya fungu lake la mawe akaenda. Basi. Hakuna aliyegusa. Hata wanawake waliokuwa hawasalimiani walizunguka beseni la mwenzao. Beseni lililopinduliwa lilisema: mwenyewe anarudi. Karani wa mizani naye alizunguka. Tulikulia katika desturi hiyo kiasi kwamba nyumbani nilikuwa napindua kikombe changu cha chai nikitoka uani kidogo, na watoto waliniachia.

Siku moja mchana niliandika sehemu ngumu, ile ya mdogo wangu na ya nani aliamuru. Niliandika kwa mkono mmoja, kidole kimoja, na maneno yalikuwa yanatoka kama hayakuwa yananingoja mimi tena. Nilipokuwa bado naandika, jirani akaja mlangoni kuniambia maji ya mvua yanaingia kwangu. Nikashusha kifuniko cha mashine. Nikachukua kikombe changu, nikakipindua juu ya kifuniko, nikakimbia.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kuvalide, yaani kuiambia mashine: hii tunza. Siku ile sikuvalide. Nilikuwa nimepindua kikombe, nikajua imetosha.

Kesho yake kikombe kilikuwa dirishani, kimesimama vizuri, na kalamu ndani yake. Nikafungua mashine. Nyota ilikuwa kwenye tawi la komite. Nikarudi kwenye tawi la bamama mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi. Andiko likaishia pale tulipoteremka asubuhi. Mdogo wangu hakuwemo.

Sekretere alikuwa pale, anakula karanga.

"Nani aliondoa kikombe yangu?"

"Ni minye, mama. Ilikuwa juu ya mashine. Ningefungula namna gani?"

"Na kazi ilikuwa ndani?"

"Nilitaka kuenda ku tawi ya komite, mashine ikakatala. Iliandika kama kuko kazi ya muntu haiyavalidewa, uivalide ao uiweke pembeni kwanza. Bon, minye nikailazimisha. Nilizani ni bintu ya bure."

"Unajua kupindula maana yake nini."

"Mama, huku hapana ku mutoni. Huku ni informatique, ni mambo ya kompyuta."

Mwenzetu mmoja aliyekuwa anafagia, mama aliyepoteza watoto wawili wa kiume kule, akasema bila kuinua kichwa, "Ku mutoni angalau ulikuwaka unazunguka."

Mwalimu alipofika alitafuta. Alitafuta kweli, nililiona jasho lake. Mwisho akasema, "Kile hakivalidewe, mama, mashine haikijue. Pole."

Nililia nyumbani, si pale. Lakini kuna kitu kimoja nilikielewa usiku ule, na hasira yangu ikapata mahali pa kukaa. Mashine ilikuwa imeliheshimu beseni langu. Ilimwambia yule mtu kwamba hapa kuna kazi ya mwenzako, tunza kwanza. Ilikataa. Aliyelazimisha ni mtu. Kama vile ufa ulivyosema, na mtu akatuambia tuoshe.

Niliandika upya. Mara ya kwanza niliandika nikilia na maneno yalikuwa mengi. Mara ya pili yalikuwa machache na makavu. Bosi, jina lake lote, aliamuru hivi. Mlinzi, jina lake lote, aliacha hivi. Karani wa mizani, jina lake lote, aliona hivi akasema vile. Mdogo wangu, jina lake lote, alikuwa amevaa kitambaa cha njano. Kila sentensi ikiisha, navalide. Mwalimu aliniambia si lazima kila sentensi. Nikamwambia yeye avalide anavyotaka. Umeme unaotoka kwenye bwawa la Mwadingusha unapita juu ya mapaa yetu kwenda kwenye mitambo mikubwa, kwetu unakuja ukipenda. Ulipokatika niliandika na betri mpaka betri nayo ikafa, na nilipowasha kesho yake kila kitu kilikuwa pale.

Wiki ya misa, komite ikaamua kuonyesha tawi la komite peke yake. Sababu ikawa kwamba bosi ametoa viti na jenereta, na atakaa mstari wa mbele. Tawi letu lingejadiliwa baadaye. Nimeishi vya kutosha kujua baadaye ni lini. Nikamwendea mwalimu.

"Mwana, siku ile utaweka tawi gani?"

"Bwana yangu alifia pale, mama. Nikichagula minye, batasema ni juu ya bwana yangu. Mashine itakuwa wazi juu ya meza. Weye unajua kubadirisha."

"Najua."

"Basi."

Baada ya misa ukumbi ulijaa. Shuka lilikuwa ukutani, jenereta inanguruma nje. Bosi alikaa mbele, amekunja miguu, viatu vinang'aa. Sekretere akasoma andiko lake: udongo ulianguka, mapenzi ya Mungu, huzuni ya wote. Alipofika mwisho palikuwa na maneno mapya, ya kumshukuru mfadhili wetu kwa moyo wake. Watu wakapiga makofi kidogo, makofi ya adabu. Sekretere akateremka kwenda kumsalimia bosi kwa mkono.

Nikapanda. Hakuna aliyenizuia, walidhani mama mzee anakwenda kushukuru. Nikatafuta nyota, iko kwenye komite. Nikaandika amri ya kwenda kwenye tawi la bamama.

Mashine ikakataa.

Maneno yaleyale ya Kifaransa yakatokea, makubwa ukutani, kila mtu anayaona: kuna kazi haijavalidewa, ivalide au iweke pembeni kwanza. Yale maneno ya shukrani, sekretere aliyaongeza asubuhi ile kwa haraka, hakuyatunza. Nilijua jinsi ya kulazimisha, mwalimu alinionyesha ili nijue kitu gani nisifanye. Alama moja tu. Yangepotea kama yalivyopotea ya mdogo wangu.

Kidole changu kilikaa pale. Nasema ukweli, kilitaka.

Kisha nikafikiri: yakipotea, kesho atasema hakuyaandika kamwe. Nikavalide kwenye tawi lake. Mashine inaomba kila mara neno la kueleza, na mimi nikaandika polepole, ukumbi mzima unasoma herufi zikitoka: maneno ya sekretere, ameyaongeza leo asubuhi, kumshukuru bosi. Kuna mtu akaguna nyuma. Sekretere alikuwa bado ameshika mkono wa bosi.

Nikaandika amri tena. Nyota ikahama. Shuka likabadilika.

Wale wanaojua kusoma walisoma midomo ikicheza, na wasiojua waliwatazama. Nilianza kusoma kwa sauti. Nilipofika kwenye jina la bosi, aliinuka, akatoka bila haraka. Nikaendelea. Nilikuwa kwenye jina la mlinzi jenereta iliponyamaza na shuka likawa jeupe. Ilikuwa ya bosi, ana haki ya kuizima.

Lakini mashine ilikuwa na betri. Wanawake wa mtoni walikuja kwanza, wakazunguka meza, kisha wachimbaji, kisha wote, tukabanana kama siku ya kugawa unga. Nikasoma mpaka kitambaa cha njano. Yule mama mfagiaji akasema, "Hii njo iende, hii ndiyo." Akauliza kama kuna anayekataa. Mchimbaji mmoja akajibu, "Nani atakatala? Weye uko na fagio." Watu wakacheka, wengine machozi yakiwa usoni. Mwalimu akaweka mkono wake juu ya bega langu la kushoto, lile bovu, akauacha pale. Jioni ileile alilipeleka andiko letu kwenye intaneti.

Sekretere alinikuta nje nikitafuta ndala zangu.

"Mama, maneno yangu uliitupa?"

"Hapana. Iko ku tawi yako, yote. Hata ile ya kushukuru."

"Ile ningeiondoa, misa ikiisha. Nilitumwa tu."

"Iondoe. Mashine itaandika pembeni nani ameondoa, na siku gani."

Akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimechakaa kuliko nilivyodhani. "Na jina yangu itabaki ku tawi yenu vile?"

"Uliuona ule ufa?"

Akageuka kutazama jenereta iliyozimwa.

"Omba mwalimu akufungulie tawi yako mwenyewe, hapana ya komite. Andika kile uliona ule musubui, na ni nani alikutuma kusema tuoshe. Familia batakisoma. Jina yako itabaki, lakini itakuwa na maneno yako pembeni."

Akasema atafikiri.

Hajafungua tawi lake bado. Mimi bado naenda kwenye chumba kile, kwa sababu familia zingine zinakuja na mambo waliyoyaona, na mwenye mkono mmoja anaweza kuandika. Nikifungua mashine naangalia kwanza matawi. Nyota iko wapi, na kama limeota jipya. Likiwa halijaota naandika yaliyo mbele yangu, navalide, napindua kikombe juu ya kifuniko, naenda nyumbani.