Kura Haijutii, Anajutia Mdomo

Saa mbili asubuhi, na mjini Fraserburgh, pwani ya Uskoti, bado kuna giza. Ndani ya kiwanda cha samaki, Ishbel Geddes anapitisha kisu, anageuza, anavuta. Minofu miwili inatua kwenye barafu. Redio ukutani inabishana: Uskoti ikijitenga, pengo la bajeti ataliziba nani? Itatumia sarafu gani?

“Hebu zima hilo dude,” anasema.

Senga Buchan, mwenzake wa meza moja, anacheka. “Huyu kashaogopa tena.” Lakini anaizima. Wote hapa wanajua kisa chake.

Ishbel ana miaka hamsini na minane. Analipwa pauni kumi na tatu kwa saa, na baridi ikizidi vidole vyake viwili havikunjiki. Hayo kashayazoea. Kinachomkaa rohoni ni chakula cha jioni cha mwaka 2014, wiki ya kura ya uhuru.

Walikuwa mezani kwa mama yao. Mdogo wake, Struan, fundi kwenye mtambo wa mafuta baharini, alikuwa amepamba moto. “Dada, utajiri uko chini ya maji yetu, halafu tukaombe ruhusa London?” Ishbel akamuuliza pensheni ya mama italipwa kwa fedha ipi. Struan akamwambia waoga kama yeye ndio wanaoirudisha nchi nyuma.

“Nikapandwa na hasira,” anasimulia Ishbel. “Nikamwambia, mafuta yako yakishuka bei, usije kwangu kuomba supu.”

Kura ya Hapana ikashinda, Uskoti ikabaki Uingereza. Haukupita muda, bei ya mafuta ikaporomoka kweli, na Struan akapunguzwa kazini. Hakuja kuomba supu. Hakuja kabisa. Hata siku ya kumzika mama yao alisimama upande wa pili wa kaburi, akaondoka bila kumpa mkono.

“Watu wanadhani nafurahi kwamba nilipatia,” anasema. “Nilipatia nini? Na mimi niliambiwa tukibaki mambo yatatulia. Tukatolewa Umoja wa Ulaya vilevile, wenzetu waliotoka huko wakaondoka, na meza ngapi humu zimebaki tupu.” Anafuta kisu kwenye aproni. “Kura siijutii. Najutia mdomo.”

Mwisho wa mwaka ndio humuumiza zaidi. Huku, anayevuka kizingiti wa kwanza mwaka mpya ukiingia ndiye mwenye kuleta bahati ya nyumba, na anatakiwa awe mwanamume wa nywele nyeusi, mkononi kashika kipande cha makaa. Nyumbani kwa Ishbel, mtu huyo alikuwa Struan. Tangu jioni ile hajabisha hodi.

Mwaka huu Ishbel ameamua kwenda yeye. Senga anamtazama nywele, nyekundu kupindukia.

“Mwanamke, tena mwekundu wa nywele? Shoga, utamfilisi mdogo wako.”

“Najua. Ndiyo maana sitaingia.” Atapika supu ya samaki wa moshi na viazi, ile aliyokuwa akiipika mama yao, abebe na kipande cha makaa. “Nitasimama nje. Atoke, nimpe makaa, arudi ndani yeye kwanza na bahati yake. Mimi nitafuata nyuma na sufuria.”

“Na asipotoka?” anauliza Senga.

Ishbel anavuta samaki mwingine.

“Basi supu itapoa mlangoni kwake,” anasema. “Lakini atajua kwamba aliyekuja kuomba ni mimi.”