Winchi Yangu ya Kwanza na Mguu wa Mzee Maganga

Iko siku moja ambayo naikumbuka kila nikiona tope jeusi, mwanangu Kulwa, na juzi uliponitumia zile picha mbili za winchi nimeikumbuka bila hata kuona tope. Umeniuliza, "Mjomba, nichukue ipi, ile ndogo nyekundu au ile ya kijivu?" Najua ulitaka jibu la neno moja ili uende dukani. Nisamehe, nimekaa na simu mkononi siku mbili, maana kwangu jambo hili si la neno moja. Winchi yangu ya kwanza ilimvunja mzee wa watu mguu.

Nilikuwa kijana kama wewe, dereva wa Landrova kuukuu, nikichukua asali za warina asali wa Sikonge na kuzileta Tabora mjini. Kazi hiyo hiyo unayoianza wewe na pikapu yako na tela lako. Barabara unaijua. Kiangazi vumbi, masika ukiingia mbugani gari linakaa kama limepandwa. Nikachoka kulala porini kusubiri msaada, nikaamua kununua winchi ya umeme, ile mashine ya kufungwa mbele inayokunja waya wake na kulivuta gari litoke topeni.

Sasa sikia nilivyochagua, ucheke kidogo kabla hatujafika penye uchungu. Nilichukua kadi ya gari, nikasoma uzito ulioandikwa pale, nikatafuta winchi yenye nguvu za kuvuta uzito ule ule. Nikajiona msomi kweli kweli. Kadi ile ilitaja gari tupu, mwanangu. Haikutaja ndoo za asali zilizojaa nyuma, wala tope linaloshika magurudumu na kukataa kuyaachia. Winchi yenyewe ilikuwa inang'aa, nikaifunga mbele kwenye bampa, na Jumapili nikaegesha karibu na kanisa ili watu waione vizuri.

Mvua za kwanza tu, nikazama. Nimetoka kupakia, gari limejaa, na tope limefika kwenye ekseli. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nikavuta waya wa winchi hadi kwenye mti, nikauzungusha kwenye shina na ndoano nikaitia kwenye waya wenyewe. Hilo lilikuwa kosa la pili, maana waya ukijipinda namna ile unakatikia papo hapo ulipojipinda. La tatu ni kwamba swichi ya winchi ile ilikuwa na waya mfupi, kwa hiyo nilisimama pale pale kwenye bampa, nikabonyeza. Winchi ikalia, waya ukakaza, gari halikujongea hata kidogo.

Ndipo akatokea Mzee Maganga. Alikuwa mrina asali wa kijiji cha jirani, anasukuma baiskeli yenye ndoo mbili, anatafuta penye ukavu pa kupita. Penye ukavu palikuwa upande wa pili wa waya. Nikaacha kubonyeza, nikainama kidogo kama nilivyolelewa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Habari za utokako?"

"Njema, babu."

"Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Akafurahi, akauliza kama hajambo. Hajambo. Na mama? Hajambo. Na mashamba? Namshukuru Mungu. Nilijibu yote, moja baada ya jingine, bila haraka, na waya ule umekaza kati yetu. Niliuona. Nilijua kabisa kwamba hapo si mahali pa mtu kupita. Lakini ningemwambiaje? Kwetu kijana hamwamuru mzee asimame, tena mzee anayekuulizia mama yako. Neno lilinifika kooni likakwama.

Akainua gurudumu la mbele la baiskeli, akalivusha juu ya waya, akaniona nimeganda. "Endelea na kazi yako, mwanangu," akasema. "Usisimame kwa ajili yangu, mimi napita tu."

Mzee kasema, nami nikatii. Nikabonyeza.

Sikuona waya ukikatika. Nilisikia mlio, kisha nikaona baiskeli iko chini imepinda na Mzee Maganga kaketi kwenye tope anashika mguu wake chini ya goti. Asali ilikuwa inamwagika taratibu karibu naye. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga, na safari hiyo sauti ilitoka yote, ilipokuwa haina faida tena.

Wakulima wa tumbaku walisikia, wakaja mbio. Wakashusha ndoo zote, wakasukuma kwa mikono, na gari lile likiwa tupu likatoka. Nakuomba uliweke hilo akilini. Tulimlaza nyuma, nikampeleka hospitali huku nalia kama mtoto. Mguu uliunga, ila uliunga vibaya, na mrina asali asiyeweza kupanda mti unajua maisha yake yanakuwaje.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwake na baba yangu kuomba radhi. Baba alianza kuzungumza kwa kirefu, kwa Kinyamwezi kile cha mashauri mazito. Mzee akamwinulia mkono, akanigeukia mimi.

"Ule waya uliuona umekaza?"

"Niliuona, babu."

"Ulijua unaweza kukatika?"

"Nilijua."

"Mbona hukunipigia kelele?"

Nikatazama chini. "Niliona haya, babu. Wewe ni mzee."

"Basi ni heshima yako iliyonivunja mguu," akasema. "Winchi imesaidia tu. Siku nyingine akija mtu, hata awe askofu, mfokee. Akikasirika, atakasirika akiwa na miguu miwili."

Baba yangu alishtuka. Mzee akacheka, akamwambia mkewe atuletee chakula. Tulikula sahani moja. Mwaka ule nilipanda mimi kwenye mizinga yake, yeye akiwa chini ananielekeza na kunitukana kwa upendo. Ndiye aliyeniambia kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na hakukubali mzigo kwa kuambiwa uzito wake. Aliuinua kwanza begani. "Wewe ulisoma karatasi," aliniambia.

Kwa hiyo, mwanangu, usisome karatasi. Pakia pikapu yako kama unavyopakia msimu wa asali, weka na tela nyuma, nenda kwenye mizani ujue uzito wa kweli. Chukua winchi yenye nguvu za uzito huo na nusu yake tena, maana tope nalo ni mzigo. Ile nyekundu haifiki, iache ikavute mashua za wavuvi ziwani. Ile ya kijivu nimeipenda kwa sababu swichi yake ina waya mrefu, utasimama mbali. Ukipata kamba laini za kisasa badala ya waya wa chuma ni afadhali, ingawa jua na mchanga huzila, kwa hiyo zikague kila mara. Nunua mkanda mpana wa kuzungushia mti, na kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, ambalo litakuongezea nguvu pale winchi inapochoka. Tupia koti zito juu ya kamba kabla hujavuta, ili ikikatika ianguke chini isiruke. Injini iwe inaunguruma, la sivyo betri itakufia porini. Na gari likikataa, shusha mzigo. Wakulima wale walinifundisha hivyo bila kusema neno.

Hayo yote yanauzwa au yanafundishwa dukani. La Mzee Maganga haliuzwi. Wewe ni binti uliyelelewa vizuri, unasalimia hadi mwisho, na ninaogopa tabia yako nzuri kuliko ninavyoogopa tope la Sikonge. Kamba ikikaza, salamu zisubiri. Piga kelele.

Nitakuja kuiona winchi hiyo ikifungwa. Nimezeeka, sisikii vizuri, nitasogea mahali pasipofaa na kuuliza maswali. Usinionee haya. Nifokee, "Mjomba, toka hapo!", mbele ya watu wote, nami nitakuitikia marahaba. Mungu akulinde njiani, akurudishe nyumbani, na kila uliyemkuta barabarani abaki mzima, na sauti yako isikwame kooni kama ilivyokwama yangu.