Pikipiki Juu ya Meza ya Kukatia

Baba yangu ni fundi cherehani, na hajui kushika kitu bila kukipima. Hata mkate huupima kwa macho kabla ya kuukata. Ukimsimulia habari za mtu, kabla hajauliza jina atauliza mabega yake yakoje. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba anataka kuifufua pikipiki yake ya zamani, niliangua kicheko, nikamwuliza ataifufua kwa sindano au kwa pasi.

"Cheka tu," alisema. "Mbavu ni zako."

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai, tangu mimi niko shule ya msingi. Ilikuwa ya silinda moja, nyeusi, na ya kale kiasi kwamba muuza vipuri akitajiwa aina yake alinyamaza kwanza kama anayepewa taarifa ya msiba. Zamani Baba aliitumia kupelekea wateja nguo zao, na jioni akambeba Mama nyuma. Mama alikaa upande, mkono mmoja kiunoni kwa Baba, mwingine umeshika kitambaa cha kichwa kisipeperuke. Nawakumbuka hivyo mpaka leo. Kisha breki zikafa, watoto tukaongezeka, kuku wakapata pa kutagia, na pikipiki ikasahaulika.

Kilichomfanya Baba aikumbuke ni Mama. Mwaka juzi Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, na daktari mwenyewe akasema amepona. Lakini tangu ashike fimbo ya kutembelea alikuwa hajavuka geti. Miezi kumi na tisa! Mama huyu huyu ambaye zamani ukitaka kumpata nyumbani ilibidi umpe taarifa siku mbili kabla, dunia yake yote ikawa chumba cha kulala, sebule na kiti cha mbao kando ya dirisha la jikoni. "Sitaki macho ya watu," alikuwa akisema, na ukiendelea kumsemesha anakwambia uangalie sufuria yako isije ikaungua.

Mdogo wake, Mama Mdogo, anaishi ng'ambo ya daraja, mwendo wa nusu saa kwa gari. Naye magoti yamemwishia, ngazi za basi haziwezi. Kila asubuhi saa nne walipigiana simu na kugombana juu ya mambo ya utotoni mwao, nani alivunja chungu, nani alisingiziwa. Ila kuonana uso kwa uso, hawakuwa wameonana tangu Mama atoke hospitali. Mimi nilileta teksi siku moja. Dereva, kijana mwenye nia njema, alimshika Mama kwapani akaanza kumsukumia kiti cha nyuma. Mama alijitoa, akarekebisha gauni, akarudi ndani. "Mimi sipakiwi kama gunia," alisema. Tangu siku hiyo neno teksi halikutamkwa tena nyumbani kwetu.

Ndipo Baba alipokuja na wazo lake. Ataitengeneza pikipiki, halafu ataifungia ubavuni kigari chenye tairi lake moja, wazi juu, chenye kiti na kimlango cha pembeni. Mama atageuka, atakaa kama anavyokaa kwenye kiti chake, atanyoosha mguu wake mbaya mbele, basi. Hapakiwi, hashikwi kwapani. "Na watu watakaomwangalia," Baba alisema, "wataangalia kigari kwanza."

Sikuamini hata robo. Mimi nauza dawa kwenye duka la kona, kila siku nawahudumia wazee waliojiumiza kwa mawazo kama hayo. Lakini Baba ana kichwa kigumu kuliko meza yake ya kukatia.

Na meza hiyo ndiyo iliyoumia. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na aliifungua pikipiki humo humo, akaipanga vipande vipande juu ya meza kama suruali anayoifumua. Kila kipande alikichora mstari kukizunguka kwa chaki ili kisipotee mahali pake. Kila nati aliifungia kitambaa kidogo kwa pini, chenye namba. Bolti zilizoshikwa na kutu alizilowesha mafuta ya taa ndani ya mabakuli yangu mawili mazuri, ambayo sijarudishiwa. Vitundu vya kabureta alivizibua kwa sindano ya cherehani, ile nyembamba ya hariri. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni akakuta injini imevishwa aproni ili isimchafue. Aligeuka geuka mbele ya kioo, akasema limemkaa vizuri, akaondoka bila kuuliza, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Kazi ya kuchomelea ilifanywa na jirani yetu tunayemwita Miwani, kwa sababu miwani yake myeusi ya kazi haivui hata akija kuomba chumvi. Miwani alikuwa na msimamo wake kuhusu vitu vya kale.

"Mzee, hii ilitoka kiwandani nyeusi," alisema siku ya rangi. "Ukiipaka nyingine umeiharibu."

"Kitambaa nacho kinatoka dukani hakina mikono," Baba alimjibu. "Tukiache hivyo?"

Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cha bluu, kidogo kama stempu, akaenda nacho hadi duka la rangi. Muuzaji alichanganya mara tatu kabla Baba hajaridhika. Tangi likapakwa bluu ile, na kigari bluu ile ile. Kiti cha kigari alikishona mwenyewe kwa ngozi ya kahawia, mshono wa mara mbili.

Yote haya eti yalikuwa siri. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka kwenye nyundo za Miwani, akajitia hamnazo miezi mitatu. Mara moja tu aliuliza, "Fundi, wateja wako siku hizi wanavaa chuma?" Yeye humwita Baba Fundi, tangu siku ya kwanza walipojuana. Baba alikohoa. Mama akaendelea kuchambua mchele, na niliona anazuia tabasamu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mama alikuwa ameanza kutumaini.

Siku injini ilipowaka, Baba alipiga kiki mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikaanza kudunda ule mdundo wake wa zamani, taratibu, wa kuhesabika. Nilijikuta nimeshika mdomo. Ule mdundo ulikuwa jioni zote za utoto wangu, Baba anarudi, Mama yuko nyuma.

Jumamosi asubuhi tukamtoa Mama uani. Alivaa gauni la maua, akajifunga kitambaa kichwani. Aliizunguka pikipiki kwa fimbo yake bila haraka, kisha akaweka kiganja juu ya tangi.

"Hii rangi naijua," alisema.

"Unaijua," Baba alisema.

Mama akanipa fimbo. Nawaapia, alinipa fimbo mwenyewe, bila kuombwa. Akageuka, akashika ukingo wa kigari, akajishusha. Akafika katikati, akakwama.

Nyonga zilikuwa zimebanwa na chuma cha kushoto na chuma cha kulia. Kiti kizuri cha ngozi kilikuwa chini yake, umbali wa kiganja kimoja tu, na hakikufikika.

"Mama, jisogeze kidogo," Miwani alisema.

"Nisogee niende wapi?"

Nilimvuta. Gauni likachanika kwenye mshono wa ubavuni, tukausikia wote. Mama alisimama, akashika pale palipochanika, akamwangalia Baba.

"Vipimo ulitoa wapi, Fundi?"

"Kwenye daftari."

"Daftari lipi?"

Baba aliangalia viatu vyake. "La kwanza."

Mama alichukua fimbo mkononi mwangu, akaingia ndani. Baadaye kidogo pazia la dirisha la jikoni likavutwa.

Nilimgeukia Baba kwa hasira ambayo sijivunii. Nilimwambia miaka arobaini anashonea watu, leo ameshindwa kumpima mtu mmoja anayelala naye kitanda kimoja. Miwani aliondoka kimya kimya. Baba aliingia karakana, akakaa juu ya meza yake, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akafungua daftari la vipimo, la kwanza kabisa, jalada lake limeliwa na mende, akanionyesha ukurasa. Palikuwa na namba za msichana mwembamba, na pembeni pini yenye kutu imeshika kitambaa cha bluu kilichokatwa kona moja.

Kumbe Mama alikuja kwake kama mteja, amesindikizwa na mdogo wake, na kitambaa hicho cha gauni. Fundi kijana alimpima kiuno mara tatu akijifanya amesahau namba, hadi Mama Mdogo akacheka wazi wazi. Walipooana Mama akampiga marufuku. "Sasa mimi si mteja. Usinipime tena." Na Baba akatii.

"Nguo zake zote namshonea kwa jicho," aliniambia. "Nguo ina huruma, mwanangu, unaacha nafasi kidogo, inakubali. Chuma niliogopa. Nikataka namba, na namba niliyonayo ni hii tu."

Hasira yote iliniisha, nikabaki na uchungu mtupu.

Jumapili Mama hakutoka chumbani. Jumatatu saa nne simu yake iliita hadi ikakata, ikaita tena, ikakata. Kisha ikaita yangu. Mama Mdogo alitaka kujua dada yake ana nini. Nilimweleza yote, kigari, rangi, daftari. Alicheka hadi akapaliwa. Akasema nimpelekee Mama simu sikioni, atake asitake.

Nilisimama kando ya kitanda nimeishika simu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Dada, umenuna kwa sababu mumeo anadhani wewe bado ni yule msichana?"

Mama alivuta shuka hadi kidevuni.

"Mume wangu alipofariki aliondoka na yule msichana niliyekuwa mimi. Sasa hivi hakuna mtu duniani anayejua kwamba nilikuwa mwembamba. Wewe ndiye peke yako, na simu hupokei."

Mama alifumba macho. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Hukuwahi kuwa mwembamba wewe," nikajua tumepona.

Mchana Baba alikuwa kwenye cherehani akijifanya anashona. Tulisikia fimbo ikija koridoni. Mama akasimama mlangoni mwa karakana, wima kabisa.

"Hodi. Fundi yupo? Kuna mteja."

Baba aliinuka haraka, kiti kikaanguka. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kama siku zote, lakini aliitafuta mezani.

"Nipime," Mama alisema. "Na usinipunguzie."

Alimpima. Alifanya kwa utaratibu wa kazi, mabega, mgongo, kiuno, nyonga, na nyonga akazipima tena akiwa amekaa, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Alitaja namba, mimi nikaandika kwenye ukurasa mpya. Namba zenyewe siwaambii, nimeapishwa. Kiuno alikipima mara tatu.

"Umesahau tena?" Mama aliuliza.

"Nimesahau," Baba alisema.

Kwa Baba, mteja akibadilika mwili, ukurasa wake wa zamani hukatwa kwa mstari wa kalamu nyekundu ili usije ukatumika kwa makosa. Nilikuwa nimeshaichukua kalamu. Mama akanishika mkono.

"Huo uache," alisema. "Yule ni mteja mwingine. Gauni lake lilimkaa vizuri."

Miwani alikata chuma, akapanua kigari inchi tano na nusu. Baba akafumua kiti kizima, akakishona upya, akaongeza mto mdogo upande wa nyonga mbaya. Ilichukua siku kumi na mbili, na safari hii Mama alikaa mle mle karakana akiwatoa makosa.

Jumamosi nyingine nilifungua geti, mabawa yote mawili. Mama alikaa, akanyoosha mguu, akalaza fimbo mapajani. Baba akapiga kiki, moja tu. Majirani walikuwa wametoka, kila mtu na macho yake. Mama aliwatazama mmoja mmoja, akainua fimbo kuwasalimia, wakapiga makofi. Baba na Mama wakaondoka polepole mno. Kuku wetu mmoja aliwapita hadi kwenye kona.

Safari ya nusu saa ilikula saa nzima na dakika kumi, na mimi nilikuwa jikoni nikizihesabu zote. Mwishowe simu ikaita. Alikuwa Mama Mdogo.

"Wamefika," alisema. "Ila kuna tatizo."

"Tatizo gani?"

"Mama yako amekataa kushuka. Anasema kiti kimemkaa. Nimeleta kigoda changu, tunakunywa chai hapa hapa barabarani, watu wanatupita." Na nyuma yake nikasikia sauti ya Mama, ya juu, ya zamani, inayoamrisha: "Mwambie asinisubiri chakula cha mchana!"

Kiti chake cha dirishani kilikuwa kitupu. Nilikaa juu yake, nikalia kwa furaha mpaka nikasikia harufu, nikageuka, sufuria ilikuwa imeungua.