Kioo Nilichopangusa Kila Jumamosi

Mimi najua kusafisha kioo. Nalisema hilo mwanzo kabisa, asije mtu akafikiri kwamba yaliyonipata yalitokana na uvivu. Ukipanda kutoka Manyatta kuelekea msituni, uliza nyumba ya mama mwenye madirisha yanayong'aa, hata mtoto atakuonyesha kwa kidole.

Nilizaliwa chini huko Ishiara, kwenye joto na mbuzi. Kwetu kioo kina adui mmoja tu, vumbi. Unalowesha kitambaa, unapangusa, na kabla hujafika dirisha la pili, la kwanza limeshakauka. Hivyo ndivyo mama alivyonifundisha, ingawa nyumbani tulikuwa na kioo kimoja tu, cha kujitazamia, nacho kilikuwa kimevunjika pembe. Shuleni nilifika darasa la tatu nikaachia hapo. Lakini somo la kitambaa na maji nilifuzu.

Nilipoolewa huku juu nilikuta nchi nyingine. Huku asubuhi mlima unashusha ukungu hadi mlangoni, na ukisahau mlango wazi unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Chumvi inalowa ndani ya kopo. Viatu vikikaa mwezi mmoja chini ya kitanda, unavitoa vimeota manyoya ya kijani. Glasi za chai ukizifunika zikiwa na maji maji, kesho zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Na madirisha yanatoa jasho kwa ndani, jasho linateremka mpaka kwenye mbao, mbao inaoza, kioo kinaanza kucheza kama jino la mzee.

Nilikuwa na wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Bado ninaye, tunazeeka pamoja. Siku mume wangu alipotia vioo vya kwanza katika nyumba yetu, wifi alisimama uani mbele ya akina mama wenzake akasema, "Mmempa mtu wa Ishiara vioo? Huyu amezoea kulitazama jua kwa tundu la ukuta. Hivyo vioo vitageuka vyeusi kama sufuria." Wakacheka. Nami nilicheka. Lakini neno lile nililimeza, na likakaa tumboni.

Basi nikajifunza. Nilichukua majivu ya kuni nikayachekecha kwa kipande cha leso mpaka yakawa laini kama poda ya mtoto, kwa sababu punje moja ya makaa ikibaki ndani, inakwaruza kioo milele. Unayaloanisha kidogo, unasugua, unaacha yakauke, kisha unamalizia kwa gazeti kavu. Na hushiki kioo kabla ukungu haujaondoka, maana utakuwa unahamisha maji tu kutoka huku hadi kule. Ngoja saa nne, saa tano. Fungua madirisha mchana hata kama baridi inauma, nyumba ipumue. Mwaka haukuisha, wifi akaja kuuliza ninatumia nini. Nilimwonyesha polepole sana, ili somo limwingie vizuri.

Sasa nifike kwenye picha.

Nilikuwa na binti mmoja. Alikufa kwa homa ya mapafu, siku nne tu za kuugua, akaniachia mtoto wa kike wa miezi minane. Baba wa mtoto hatukumjua na hatukumtafuta. Kwa mazishi tulichukua picha ndogo aliyopigwa studio ya Embu mjini mwaka alipomaliza kujifunza ushonaji, tukaikuza, tukaitia fremu yenye kioo, mpwa wake akaibeba mbele ya jeneza, na utepe mweupe pembeni, kama desturi yetu ilivyo. Ile ndogo ilipotea wiki hiyo hiyo, ilipita mikono mingi mno. Kitambulisho kilirudishwa ofisini, kwa kuwa mtu akifa hakiwi chake tena. Karatasi za mazishi zilikuwa za fotokopi, uso wote mweusi, ungedhani tulimzika mtu mwingine. Ikabaki ile moja, ya kioo.

Tuliitundika sebuleni, juu karibu na dari, tukaiinamisha kidogo kwa mbele, ili aliyeondoka awatazame wageni wakiingia. Ndivyo tunavyofanya huku.

Kila Jumamosi nilipanda kwenye kigoda nikampangusa. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa miaka kumi na saba bila kujua. Madirisha niliyapa majivu. Lakini majivu nimpake mtoto wangu usoni? Mtu aliyeambiwa kaburini kwamba majivu kwa majivu? Sikuweza. Kwake nilirudi kwenye njia ya mama yangu, maji safi na kitambaa kilicholowa vizuri. Maji yakateremka kwenye kioo, yakaingia chini ya fremu. Ishiara yangekauka kabla ya saa sita. Huku, nyuma ya fremu kuna ukuta wa mawe ulio baridi mwaka mzima, na maji yakishaingia hayapati njia ya kutoka.

Nami nilikuwa najisifu. Akina mama wa kanisa wakija kwa maombi, walisema picha ile ni kama ilipigwa jana. Nilijibu kwamba kitu kikitunzwa hudumu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwaka juzi, kwenye mvua ndefu, niliona doa jeupe karibu na bega lake, kama mtu aliyeegemea gunia la unga. Nilipangusa, halikutoka. Nikaongeza maji. Jumamosi iliyofuata lilikuwa limefika shingoni. Nilipitisha kidole juu ya kioo, nikahisi ni kisafi kabisa, ndipo nikajua lile doa liko ndani, pamoja naye.

Mwenye akili angeuliza. Mimi nilichukua kitambaa cha kufuma nikakitundika kwenye pembe ya fremu, kama pambo, ili wifi asione. Mama wa madirisha yanayong'aa, nimwambie nani kwamba picha ya mtoto wangu imeota kuvu?

Mjukuu wangu alikuwa shule ya bweni. Nilimlea mimi kwa chai ya maziwa na viboko vichache, akamaliza vizuri, akapata nafasi chuo cha ualimu, mbali. Kabla ya kuondoka alikwenda kumsaidia mjomba wake Embu wiki mbili, na huko akapata simu yake ya kwanza, zile za kupiga picha. Akanipigia kwenye simu yangu ya vibonye. "Cucu, nakuja Ijumaa. Nataka nimpige picha mama, niende naye chuoni. Sina hata moja."

Mtaniuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuipiga, na simu zimejaa kila mahali. Nami nimejiuliza. Picha iko ukutani, itakwenda wapi? Ndivyo tulivyofikiri, kama tulifikiri.

Ilikuwa Jumatano. Nilijiambia nina siku mbili za kuisafisha kwa ndani. Niliitelemsha, nikaiweka mezani jikoni, nikang'oa vile vijimisumari kwa ncha ya kisu. Kadibodi ya nyuma ilitoka vipande vipande kama ugali uliolala majini. Picha yenyewe ilikuwa imeshikana na kioo. Haikuacha nafasi hata ya kupitisha unywele.

Wifi alikuwa ameketi pale pale anamenya viazi. Aliangalia, akaweka kisu chini. Akaniambia niiache vivyo hivyo, niipeleke mjini kwa watu wa picha. Nikamjibu kwamba nilimfundisha kioo, hawezi kunifundisha yeye. "Mimi nimekuambia," akasema, bila kuinua sauti.

Niliisogeza karibu na moto ili ikauke. Ikakauka, kweli. Ikakauka ikashika kama gundi. Nikaona kwamba sasa itabanduka, kwani kitu kikavu si hubanduka? Nikaanzia pembe ya chini nikavuta. Bega likatoka zima. Nikapata moyo. Nikavuta tena, nikasikia sauti kama ya plasta inayotolewa kwenye kidonda, na uso ukagawanyika. Mdomo na kidevu vilibaki kwenye kioo. Pua, macho, paji la uso, vyote vilikunjamana kama utando wa maziwa, vikavunjika, vikaanguka kwenye aproni yangu vipande vidogo vidogo, vingine havifiki ukubwa wa ganda la mtama.

Sikulia. Nilikaa nimeshika ile karatasi iliyobaki, nyeupe, na sikuweza kuiweka chini.

Nilimngoja wifi aseme lake. Miaka arobaini na zaidi ulimi wake umenichoma, na siku hiyo alikuwa na haki. Alikwenda nje akarudi na unyoya wa kuku, akapiga magoti pale mbele yangu, magoti yake mabovu yale, akaanza kukusanya vile vipande kwa unyoya mpaka kwenye sahani. "Usisimame," akaniambia. "Kimoja kiko karibu na kiatu chako."

Alhamisi tulishuka mjini sisi wawili na kile kioo, na sahani yetu imefunikwa kwa leso. Mzee wa studio alivaa miwani yake, akatazama sahani, akatazama kioo, akavua miwani. Aliuliza kama kuna nyingine. Nikasema hakuna.

"Mama, ungeniletea ikiwa bado imeshikana na kioo chake," akasema. "Ningepiga picha juu ya kioo. Ni kazi ya dakika moja."

Hakusema kwa ubaya. Akanieleza mengine pia, kwa upole. Kwamba picha haigusi kioo, unakata karatasi ngumu unazungusha pembeni ili pawe na nafasi. Kwamba nyuma ya fremu unabandika vifuniko viwili vya soda, hewa ipite kati yake na ukuta. Kwamba kioo cha picha hakimwagiwi maji kamwe, ni kitambaa kikavu tu, na ikibidi kulowesha unalowesha kitambaa kidogo, tena siku ya jua. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Kila neno lilikuwa la kweli na hakuna lililonisaidia. Nawaandikieni hapa ili mama mwingine asikosee kama mimi.

Ijumaa mjukuu akafika, mrefu, amesuka nywele, anacheka kabla hajafika mlangoni. Kabla ya chai akatazama ukutani. Pale palikuwa na alama ya mraba tu, ukuta safi kuliko sehemu nyingine.

"Cucu, mama yuko wapi?"

Nilikuwa nimepanga uongo. Nilikuwa na uongo wa aina mbili, mmoja wa panya na mwingine wa paa kuvuja. Nilipomwona uso wake nikashindwa. Nikamletea kioo na sahani. Nikamwambia kila kitu, hata kile kitambaa cha pembeni nilichotundika kwa kiburi. Nikamwambia ni mimi, si mvua.

Aliinua kile kioo akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Mdomo wa mama yake ulionekana vizuri, umefungwa, kama mtu anayezuia kicheko. Akauangalia muda mrefu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na hakuingia.

"Macho yake yalikuwaje?" akauliza.

"Kama yako."

"Kila mtu husema hivyo. Kama yangu namna gani?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Naapa nilitafuta. Nilimwona binti yangu akipita na ndoo, nikauona mgongo wake akiwa kwenye cherehani, nikaisikia hata sauti yake akigombana na kuku. Lakini macho hayakuja. Nikampa mjukuu ukweli, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

"Nimempangusa kila Jumamosi, mama," nikamwambia. "Lakini nilikuwa naangalia kioo. Nilikuwa natafuta alama za vidole."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alivuta kigoda akaketi mbele yangu, karibu mpaka magoti yakagusana, akaondoa nywele usoni. "Basi niangalie mimi," akasema. "Uniambie penye tofauti."

Nikamwangalia. Nadhani tangu alipokuwa mchanga sikuwahi kumwangalia hivyo. Nikamwambia nyusi za mama yake zilikuwa nzito zaidi. Akasema endelea. Nikamwambia paji lake lilikuwa dogo kidogo, na kulikuwa na kovu kwenye nyusi, alipojigonga na mpini wa jembe. Akasema endelea. Hapo nikafika mwisho. Wifi akaongeza kutoka mlangoni kwamba ngozi ya chini ya macho yake ilikuwa nyeusi kidogo, hata akilala vizuri. Tukakubaliana hilo. Chai ikapoa.

Jumapili alipiga picha kile kioo kwa simu, akaondoka na mdomo wa mama yake. Sahani iko kabatini, nimeifunika kwa nailoni, na kitambaa kikavu juu.

Sasa kila neno likinijia, nampigia. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye majani chai, kikapu mgongoni, nikakumbuka kwamba akicheka sana alikuwa anafumba jicho moja. Nikasimama pale pale kwenye mistari nikampigia, nikamwambia. Alifurahi, nilisikia. Alisema anaandika kwenye daftari.

Kisha akauliza ni jicho lipi.

Nikamwambia ngoja.