Baba Aliyeandikiwa Siku kwa Kumlea Mwanawe

Saa kumi na mbili asubuhi, kipande cha reli kilichotundikwa mbele ya ofisi ya kijiji cha Mtakuja kinagongwa mara tatu. Nyumba kwa nyumba watu wanatoka na majembe begani, na safu yao inateremka kuelekea shamba la ujamaa. Yeremia Mazengo, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hatoki. Ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, mgongo ukiegemea ukuta, na kifuani pake amemkalisha mwanawe, Melkizedeki.

Kwa mkono wa kushoto anaishika taya ya mtoto isiyotulia. Kwa mkono wa kulia anachota uji wa uwele, nusu kijiko, anautia kinywani, kisha anangoja. Koo linapanda, linashuka. Ndipo anachota tena.

"Ukiniona nimekaa hivi utasema napumzika," anasema bila kuinua macho. "Bakuli hili moja ni saa nzima. Jembe lina nafuu, lenyewe halikohoi."

Melkizedeki ana miaka kumi na mmoja. Tangu kuzaliwa viungo vyake vimekakamaa, shingo haibebi kichwa, na ulimi haujamtii kutamka neno. Masikio, kwa rehema za Mola, ni mazima, na kicheko chake husikika hadi nyumba ya tatu. Mamaye, Yunisi, alimbeba mgongoni hadi alipotimiza miaka minane. Uzito wa mtoto ulipomshinda, mume na mke wakabadilishana: mama akashika jembe, baba akashika mtoto.

Mpango huo ulikwenda vyema hadi mwaka 1974, walipohamia Mtakuja pamoja na jirani zao wa bonde lililo chini ya Kilimatinde. Hapo kila mtu mzima hulima shamba la wote siku nne kwa juma, karani huandika, na mavuno hugawanywa kwa hesabu ya siku. Asiyeonekana huandikwa mtoro.

Kanuni ilikuwa na huruma yake: mwenye mgonjwa nyumbani alipewa ruhusa ya siku tatu. Yeremia akaomba, akapewa. Siku ya nne karani Chrispin akamwuliza, "Mtoto amepona?"

"Hajapona."

"Basi chukua tatu nyingine."

Ikawa hivyo miezi miwili, baba akiomba na karani akingoja, kwa moyo mweupe kabisa, mtoto apone ugonjwa asiokuwa nao. Hatimaye ruhusa zikakoma, utoro ukaanza. Katika mavuno ya mwaka 1975, nyumba zenye watu wazima wawili zilipata magunia manane ya mtama. Nyumba ya Yeremia ilipata manne, na kufikia Januari ghala lilikuwa tupu.

Jina nalo likampata. "Mama Meki, umepika nini leo?" vijana walimtania wakipita na majembe.

"Ulimi wako," aliwajibu. "Ulete, chungu kiko jikoni."

Alicheka nao, lakini njaa haina utani. Katika mkutano wa kijiji wa mwezi Machi mwaka huu alisimama mbele ya watu. Mtakuja kuna kibanda ambamo Bibi Dorkas huwaangalia watoto wachanga wa akina mama walioko shambani, naye huandikiwa siku kamili. Melkizedeki alipelekwa huko mara moja. Bibi hakuweza hata kumgeuza.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Yeremia, "Bibi Dorkas akilea watoto wa wenzake ni kazi. Mimi nikilea wangu ni utoro. Nieleweshe."

"Mtoto ni wako, ndugu yangu," akajibu Mwenyekiti Damiani. "Tukikulipa kwa kulea wako, kesho shambani atakwenda nani?"

"Mimi ninao saba, niandikieni juma zima!" sauti ikapaa kutoka nyuma, na mkutano ukaangua kicheko.

Yunisi, ambaye si mtu wa maneno, akasimama. "Basi mleeni kwa zamu, kama tunavyochota maji ya mafundi wa ujenzi. Mume wangu kesho ataingia shambani. Na zamu ianze kwa Mwenyekiti."

Kesho yake Damiani alikuja kweli. Yeremia alipotaka kumwonyesha namna ya kumkalisha mtoto, alimkatiza: "Nimelea sita, bwana. Nenda ukalime." Akamlaza Melkizedeki chali mapajani, akamnywesha uji kwa kiganja, kama wanyweshwavyo watoto wachanga. Uji ukampalia.

"Uso wake uligeuka rangi mikononi mwangu," Damiani anakumbuka. "Nikambeba, nikakimbia naye hadi shambani nikimwita babake kwa makelele. Hata simba hajanikimbiza hivyo."

Yeremia alitupa jembe, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya goti, akampiga kati ya mabega hadi pumzi ikarudi.

Jioni hiyohiyo mwenyekiti aliitisha mkutano. "Leo nimeandikiwa siku kamili," alisema, "na nusura niue mtoto. Huyu aliyemweka hai miaka kumi na mmoja ameandikwa mtoro. Chrispin, lete daftari."

Mikono ikainuliwa, wawili tu walikataa. Tangu siku hiyo Yeremia huandikiwa siku sawasawa na Bibi Dorkas, na mbele ya jina lake pameandikwa "mlezi". Chrispin aliuliza kama Jumapili nayo ihesabiwe.

"Jumapili sidai," Yeremia alimjibu, "ingawa mtoto hula hata Jumapili."

Mavuno ya mwaka huu yameipa nyumba hiyo magunia saba. Kila Alhamisi Damiani huja kujifunza kumlisha Melkizedeki akiwa ameketi, ili siku Yeremia akiugua pawepo mkono mwingine.

Bakuli limekwisha. Yeremia anamfuta mwanawe kidevu na kumtoa nje, uani, ambako amechimbia nguzo mbili zinazomfikia mtoto kifuani. Anamsimamisha katikati, anamshika makwapani, anahesabu hadi ishirini, anamkalisha. Wanapumzika, wanaanza tena. Zamani, anasema, hakuwa na nafasi ya jambo hili, muda uliobaki aliutumia kutafuta chakula.

"Siombi atembee," anasema, jasho likimtiririka. "Namwomba Mungu amjalie tu asimame. Wazee wakipita hapa awape shikamoo yake akiwa wima kama watoto wengine, kwa sauti yoyote aliyojaliwa."