Shati Lililokauka Bila Kudondosha Tone

Ubishi wa Impi Karvonen ulianza angali mtoto, na chanzo chake kilikuwa shati la baba yake. Mama yake alilifua katikati ya majira ya baridi akalianika nje, kama walivyoanika watu wote wa kando ya ziwa la kwao, kaskazini ya mbali. Hata hajamaliza kulibana kwenye kamba, likaganda, likakakamaa kama ubao. Ungeligonga, lingelia. Impi akakaa juu ya gogo akilikodolea macho. Alikuwa ameambiwa kwamba barafu huyeyuka ikawa maji, na maji yakipata moto huwa mvuke, basi alitaka aone barafu ya shati ikigeuka maji na maji yakidondoka.

Hakikudondoka kitu. Siku zikapita, theluji chini ya kamba ikabaki safi, haina hata kitobo, na shati likalainika, likakauka, likaanza kupepea.

"Mama, maji yameenda wapi?"

"Yamekauka."

"Yamekauka yakaenda wapi? Chini hayakupita, mimi nilikuwa naangalia!"

"We mtoto, nenda kakamue ng'ombe kabla sijakukamua wewe."

Akaenda kukamua, lakini swali akaenda nalo. Na alikua nalo. Jiwe, aliwaza, hukaa pale ulipoliweka. Maziwa hayana umbo lao, huazima la chombo. Ila kuna kitu cha tatu, hakishikiki wala hakimwagiki, ukikipa chumba kinajaa chumba kizima mpaka kwenye pembe, na macho hayakioni. Maji ya shati yalikwenda huko. Barafu iliruka ngazi ya katikati ikapanda moja kwa moja, bila kuaga. Basi kutoonekana siyo kutokuwepo. Hilo alilishika, na mtu asingemng'oa hapo hata kwa jembe.

Akaolewa, akazaa binti mmoja, Saima, akamzika mume. Kijiji kilimjua kwa ukaidi na kwa kuwasha sauna ya moshi, kibanda cha kuogea kwa joto. Sauna ya namna hiyo haina bomba la moshi. Moto huwaka chini ya lundo la mawe, moshi hujaa ndani ukatokea mlangoni na kwenye tundu la ukutani, na moto ukishakufa ndipo watu huingia kuoga kwa mvuke. Humo watu wa kule walioga, walikausha kimea cha pombe, waliwaosha maiti wao. Na humo ndimo wanawake walijifungulia, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine penye joto na usafi kama pale.

Zamu ya Saima ilifika mwezi Machi, asubuhi, ziwa bado limeganda. Moto aliuwasha mumewe, Taavetti, kijana mwema mwenye mapenzi na haraka. Impi alipofika kutoka kwake, akamkuta Saima kwenye chumba kidogo cha mbele cha kuvulia nguo, amefunikwa ngozi za kondoo, ameng'ang'ania benchi. Mama mkwe wake, Loviisa, alikuwa anamsugua mgongo.

"Tumechelewa nini sasa?" Impi akauliza.

"Tunakungoja wewe, Mama Saima, malkia wa masizi," Loviisa akajibu. "Ndani kuko tayari. Moshi umekwisha, Taavetti keshaziba tundu ili joto lisipotee."

Taavetti mwenyewe akatoka ndani, uso mwekundu, akajiegemeza mlangoni.

"Kuna joto zuri, mama. Nilikuwa nimekaa humo nalilinda. Kichwa tu kinanigonga, na miguu sijui imekuwaje."

"Woga wa baba mpya," Loviisa akacheka. "Baba yako naye alizimia, na mimi ndiye niliyekuwa nazaa."

Impi hakucheka. Akaingia, akachuchumaa mbele ya mawe, akachungulia chini yake. Hewa ilikuwa safi kwa macho, moshi haukuwepo. Lakini kwenye makaa palikuwa na ulimi mdogo wa moto wa buluu, unacheza polepole. Akatoka haraka.

"Haingii mtu."

"Unasemaje?"

"Makaa bado yanawaka buluu, sumu yake imejaa humo. Taavetti, kaa nje kwenye theluji, uvute pumzi. Usibishe."

Akazibua tundu. Akaacha milango yote wazi, ule wa nje nao. Akayakokota makaa kwa koleo akayatia kwenye ndoo ya chuma, akayatupa kwenye theluji. Kisha akachota maji akayamwagia mawe, shaaa! Mvuke ukafumka, ukajaa, ukasukuma kila kilichokuwemo hadi nje. Baridi ikaingia nyuma yake.

Saima akapiga yowe. "Mama, anakuja!"

"Mwambie asubiri."

"Haambiwi!"

"Sasa unapasha joto ziwa!" Loviisa akafoka. "Mjukuu wangu azaliwe kwenye barafu? Sumu gani hiyo isiyoonekana wala kunuka? Umeiona wewe?"

"Sijaiona. Hata maji ya shati la baba sikuyaona yakiondoka."

"Shati gani tena? Huyu mama kaingiwa na nini?"

Impi akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, kisha akarudi kwenye mawe akamwaga maji tena. Moyoni alikuwa na hofu. Akizidisha kungoja, mtoto ataganda. Akipunguza, mtoto na mama watalala wasiamke. Akapeleka mkono karibu na mawe. Mawe hayakuwa na habari na baridi ya mlangoni, yalikuwa yanaunguza kama mwanzo. Chini yake hapakubaki hata cheche. Hewa huja na kwenda, lakini jiwe lina kumbukumbu.

"Haya. Mleteni, mfunge mlango."

Walipofunga, joto likarudi kutoka kwenye mawe, taratibu, kama mtu aliyekuwa amejificha. Loviisa akalisikia mgongoni. Saima alilala juu ya majani makavu na shuka safi, na haukupita muda mrefu mtoto akatoka, wa kike, mwekundu, kimya.

Kimya hicho kilikuwa kibaya. Loviisa akamshika Impi mkono kwa nguvu. Impi akamfuta mtoto kinywa kwa kidole, akamgeuza, akamsugua mgongo. Kifua kidogo kikavimba. Mtoto akalia.

"Asante Mungu," Loviisa akasema, na sauti haikuwa ya ugomvi.

Baadaye Taavetti, kichwa kimetulia, akambeba mkewe kuelekea nyumbani. Impi akamchukua mjukuu, amefungwa blanketi la sufu mpaka kidevuni. Katikati ya uwanja akasimama. Mbele ya pua ya mtoto kiliibuka kiwingu, kidogo kuliko ua, kikayeyuka. Kikaibuka kingine.

"Mama Saima! Tembea! Unaangalia nini kwenye baridi yote hii?"

"Subiri kidogo, Mama Taavetti. Njoo uone," Impi akasema. "Hewa anayopumua, inaonekana."

Loviisa akaja akinung'unika, akainama. Wakaangalia wote wawili.

"Kimoja tena," akasema Loviisa, "halafu tunaingia ndani."